Herufi ya Tano

Mtaa wetu wa Elgon View haujapata kuona mtu aliyekunywa kikombe kimoja cha chai kwa dakika hamsini, lakini Jumamosi ile Wakoli alikuwa anakaribia kuweka rekodi.

Alikuwa amekaa sebuleni kwetu kwenye kiti cha pembeni, kile chenye mguu unaocheza, magoti yamebanana kama ya mtu anayengoja kung'olewa jino. Mkebe wa asali aliokuja nao ulikuwa sakafuni kando ya kiatu chake kwa sababu hakuna aliyekuwa ameupokea. Mbele yake palikuwa na meza yenye vitambaa vya kufuma. Ng'ambo ya meza palikuwa na jarida lililofunguliwa, na nyuma ya jarida alikuwapo baba yangu, Mzee Wanjohi, muuza vipuri vya trekta na mzee wa kanisa, mtu anayeweza kumnyamazia mgeni mpaka mgeni akasahau jina lake mwenyewe.

"Waithira," Baba alisema bila kushusha jarida, "muulize mgeni kama anaongeza chai."

Mgeni alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikamgeukia kwa taadhima yote niliyofundishwa bwenini.

"Baba anauliza kama unaongeza chai."

"Mwambie Mzee asante, bado ninayo."

"Anasema asante, bado anayo."

"Nimesikia," Baba akasema. "Mimi si kiziwi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Saa kumi, familia ya Simeon ilikuwa inakuja kujua kwetu. Watu hawaji kujua kwenu kwa sababu walipotea njia. Wanakuja kwa sababu kuna msichana, na msichana mwenyewe alikuwa mimi. Simeon ni mtu mwema. Anaimba besi kwaya, hajawahi kumtukana mtu, na ana kasoro moja tu, kwamba yeye si Wakoli.

Kwetu kuna desturi. Wageni wa namna hiyo wakileta kinywaji, baba hakigusi kabla hajamuuliza binti yake mbele ya watu wote: ninywe? Binti akisema kunywa, mambo yamekwisha. Akisema usinywe, mambo yamekwisha pia, ila kwa aibu. Mimi niliwahi kumfungia matroni wetu mbuzi ndani ya ofisi yake usiku mzima, na sikutetemeka. Lakini kumwaibisha Baba mbele ya watu anaoketi nao kanisani kila Jumapili, hilo sikuwa na moyo nalo. Ndiyo maana nilikuwa nimemwandikia Wakoli ujumbe: *Jumamosi saa kumi wanakuja. Kama una neno, lilete kabla.*

Alikuwa amekuja. Mama alimfungulia, maana Mama yangu, Waiyego, hamrudishi mtu yeyote langoni bila chai. Sasa neno lenyewe lilikuwa limemkwama kooni, kwa kuwa Baba hakuwa amemwachia mwanya hata wa kusema shikamoo.

Nilimjua Wakoli hospitalini Plateau, ninakofanya kazi ya uuguzi. Waliletwa wawili kutoka Kaptagat, yeye na uvimbe wake wa kuumwa na nyuki, na sijui nani kati yao alikuwa mkubwa. Macho yalikuwa yamefura yakafunga kabisa.

"Jina?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

"Herufi sita," akasema. "Ya kwanza ni W."

Nilitaka kumchoma sindano kwa nguvu zaidi ya inayohitajika. Badala yake nilicheka, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Miezi tisa baadaye alikwenda kumsalimia Baba, na Baba akamfungia geti usoni. Jioni hiyo Baba alitutangazia mezani kwamba kijana yule hana adabu. Amesimama langoni peke yake, hana mjomba, hana mzee hata mmoja, akauliza mahari. Huwezi kufanya hivyo. Hata kuku hanunuliwi hivyo. Nilimpigia Wakoli simu nikilia.

"Ni kweli ulimuuliza Baba mahari?"

"Ni kweli," akasema. "Niliona ni pazuri pa kuanzia."

Nikakata simu. Kwa miezi mitatu tulizungumza kama watu wanaogawana ukuta. Nilimpenda, na nilimkasirikia. Usiombe kubeba hayo mawili kwa pamoja.

"Waithira," Baba aliita. "Njoo hapa. Nimepata ingine."

Nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Baba alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida, palipo na chemshabongo. Huo ndio ugonjwa wake. Vidokezo vyake havikuulizi mji mkuu wa nchi fulani. Vinakudanganya kwanza, halafu vinakuambia ukweli kwa mlango wa nyuma. Aliyevitunga alijiita Nyuki. Mimi nilijua Nyuki ni nani. Nyuki mwenyewe, aliyekuwa kwenye kiti chenye mguu mbovu, alijua vilevile. Baba hakujua.

"Sikia," Baba akasema. "'Ombi la ndoa limejificha aliposahau.' Herufi nne. Nimeipata kabla chai haijapoa."

Mama alikuwa anaingia na sahani ya mandazi. "Alisahau nini?"

"Hakuna mtu amesahau kitu, Mama Waithira. Ni mtego. Anasema limejificha, basi lazima liko ndani. Tazama neno hili, aliposahau. Toa 'ali' mbele, toa 'hau' nyuma. Nini imebaki?"

Mama alitazama ukurasa kwa muda wa kutosha kuoka mkate. "Posa."

"Posa. Ombi la ndoa. Huyu Nyuki ana kichwa. Mtu kama huyu angekuja hapa kwangu, ningemkaribisha kwa mikono miwili."

Nilimtazama Wakoli. Wakoli aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna samaki. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi. Jarida lile lilitoka Alhamisi. Alikuwa ameniposa mbele ya wasomaji wote wa Kiswahili, na aliyeifungua posa yangu ni Baba, kwa miwani yake ya kusomea.

"Na hii," Baba aliendelea, akiwa amenogewa. "'Nilipo, pamoja: jibu la mkaidi.' Herufi sita. Nilipo ni wapi? Hapa. Pamoja ni nini? Na. Hapa, na. Hapana." Alilisema neno hilo la mwisho kwa sauti nzito, akilielekeza upande wa kiti cha pembeni. "Hapana. Neno zuri sana."

"Inategemea umelikata wapi," nikasema.

Wakoli aliinua macho. Yakakutana na yangu juu ya kipara cha Baba, yakakaa hapo. Hapa, na. Nilipo, pamoja. Miezi mitatu ya hasira ilinitoka kidogo.

Saa tisa na robo. Baba akainamia ukurasa. Saa tisa na nusu bado alikuwa ameuinamia, na kalamu ilikuwa inagonga karatasi. Kisha akavua miwani.

"Nyuki amekosea."

Kwa mara ya kwanza Wakoli aliweka kikombe mezani.

"Miaka miwili namfuata huyu mtu, hajawahi kukosea. Leo amekosea. Tisa kushuka. 'Pole wazee, ndani yenu mna ushauri kwa binti.' Herufi tano."

"Pole ya nini?" Mama akauliza.

"Mama, ni kama ile posa," nikamweleza. "Anaposema ndani yenu, anatuambia tuchungulie ndani ya maneno 'pole wazee'. Yaandike bila nafasi katikati. Ruka P, halafu usome herufi tano."

Mama alifuata kwa kidole. "O, L, E, W, A. Olewa." Akanitazama. "Kumbe jarida nalo limeanza kutoa ushauri."

"Ushauri mzuri," Baba akasema. "Lakini hauingii. Herufi ya pili inapitia kwenye ile saba kulia, na pale kuna R. O, R, E, W, A. Orewa. Hiyo si neno."

"Kwa mdomo wako ni neno," Mama akasema.

"Mimi naongea juu ya karatasi. Karatasi imekataa. Nyuki amekosea, na nitamwandikia barua."

"Nyuki hakosei, Mzee."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha pembeni. Mtu anaweza kuvumilia kunyamaziwa, anaweza kuvumilia asali yake kuachwa sakafuni kama viatu vya mvua, lakini kuna jambo moja fundi havumilii. Jarida likashuka. Wanaume wawili wakatazamana uso kwa uso.

"Waithira," Baba akasema polepole, "muulize mgeni amejuaje."

"Baba anauliza..."

"Mwambie Mzee kosa liko kwenye ile saba kulia. Herufi ya tano."

"Saba kulia ni sawa." Baba alikuwa amesahau kunipitia. "'Nusu ya mama, kisha jinsi anavyoendelea: pa kuweka kitu.' Nusu ya mama ni 'ma'. Jinsi anavyoendelea, ni hari yake. Ma, hari. Mahari. Pa kuweka kitu. Iko na kosa gani?"

"Jibu ni hilo, Mzee. Mahali."

"Si ndiyo nimesema. Mahari."

"Mahali."

"Kijana, unanirudishia neno langu mwenyewe?" Baba alisimama. "Na hilo neno, wewe ungeliogopa katika nyumba hii. Ulisimama pale kwa geti, mikono ndani ya mifuko, hata shikamoo haijaisha mdomoni, ukaniuliza mahari ya msichana wangu kama mtu anaulizia fan belt."

Wakoli naye alisimama. Mguu wa kiti ukalia. "Mzee, mimi? Mimi niliuliza mahali."

"Umesikia, Mama Waithira? Amekubali. Tena mbele ya mashahidi."

"Nilikubali tangu mwanzo. Hata Waithira aliponiuliza nilimwambia ukweli. Kama ni makosa niombe msamaha, lakini mpaka leo sijui kosa ni lipi."

"Hajui kosa," Baba akaiambia dari. "Toka nje. Kunywa chai yako, umalize, utoke. Watu wangu wanakuja."

Wakoli aliinama kuchukua mkebe wake. Hakunitazama. Nilijua kwamba akivuka kizingiti kile hatakirudia. Yeye ni mpole, na wapole wakishaondoka wameondoka. Nilitaka kusema kitu. Macho yangu yakaanguka kwenye jarida, pale mezani, kwenye herufi kubwa za Baba zilizokaa kwenye vyumba vyao sita.

M, A, H, A, R, I.

Baba alikuwa amefikiria pa kuweka kitu. Alikuwa amesema pa kuweka kitu. Na mkono wake, kwa kufuata ulimi, ulikuwa umeandika ng'ombe, mbuzi na blanketi za mama wa binti.

"Wakoli, ngoja," nikasema. "Usitamke. Usiseme chochote, ninakuomba. Chukua kalamu hii, uandike hapa ukingoni ulichomuuliza Baba siku ile. Chote."

"Waithira, hiyo ni jarida yangu," Baba akasema.

"Baba, nivumilie dakika moja. Umenivumilia miaka ishirini na minne."

Wakoli akachukua kalamu. Herufi zilitoka zilezile ninazozijua, zimenyooka, na L yenye mguu mrefu. Alipomaliza nikamgeuzia Baba ukurasa.

"Soma, Baba."

Baba akavaa miwani. "Mahari pa kuweka..." Akasimama. Akarudi mwanzo. "Mahari... pa."

"Mahari haina 'pa', Baba. Mahari ni 'ya'."

"Mahari pa kuweka mizinga," akasoma mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua ya mahakama. "Kaptagat."

"Shamba lako, Mzee," Wakoli akasema. "Lile linalopakana na msitu. Waithira aliniambia upande wa juu haulimwi. Nilifikiri nikianza kwa kuomba pa kuweka mizinga, utanizoea polepole. Hilo neno lingine nisingeliuliza peke yangu. Mimi si mtoto wa barabarani. Nina baba mdogo Kimilili, koti lake limepigwa pasi tangu Krismasi linangoja."

"Mbona hukumaliza kusema?"

"Ulifunga geti, Mzee, nikiwa bado kwenye 'pa'."

Nje, mtu wa jirani alikuwa anaosha gari na maji yalikuwa yanasikika yakimwagika. Baba aliweka kidole kwenye R yake, kisha kwenye L ya Wakoli, kisha akarudi kwenye R. Midomo yake ilikuwa inajaribu yote mawili kimyakimya, na kwa ilivyokwenda, ilikuwa inafanya kitu kilekile mara mbili.

"Na mimi?" nikamuuliza Wakoli. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Siku ile ya simu. Ulinijibu ni kweli."

"Ulikuwa unalia. Niliposikiliza nikasikia unauliza kama nilimwomba baba yako mahali. Nikasema ni kweli." Akauhamishia mkebe mkono wa pili. "Nimekaa miezi mitatu nikiamini kwenu nyuki ni mwiko."

Hapo ndipo nilipojiona. Shule ya bweni miaka minne, tuzo ya Kiswahili imening'inia ukutani nyuma ya kichwa cha Baba, na kwa kulia kidogo tu ulimi wangu ulikuwa umerudi nyumbani kwa babu, ambako L na R ni herufi moja. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa herufi moja, na herufi yenyewe niliitoa mimi.

"Nisamehe," nikamwambia. Nilisema mbele yao wote, kwa hiyo ilinibidi niseme kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Alinitazama, na akaendelea kunitazama, mpaka Mama akakohoa.

"Hebu ngojeni kwanza," Mama akasema, bado ameshika sahani. Mama hajawahi kujaza hata mraba mmoja. "Huyu ni mtu wa mizinga. Amejua karatasi ina kosa kabla hajaiona. Na huyu wa jarida mnasema anaitwa nani?"

"Nyuki," Baba akajibu, kisha akajisikia amejibu.

Alimtazama Wakoli kuanzia viatu kwenda juu. Wakoli alisimama na mkebe wake wa asali kama mtu aliyekamatwa na ushahidi mkononi.

Honi ikalia langoni. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Watu wema wana tabia hiyo mbaya ya kufika mapema.

Mama alikimbilia jikoni. Baba hakusogea. Babake Simeon alikuwa ameketi kando yake kanisani kwa miaka kumi na mmoja, nami nilijua uzito wa urafiki huo. Nilikua nikiutazama kila Jumapili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Waithira. Hii kitu inatakiwa niulize mbele yao. Nitakuuliza hapa. Wakileta chochote, ninywe?"

"Hapana, Baba."

"Ile ya herufi sita?"

"Ile nzima. Usiikate."

"Basi watakunywa chai. Nitamwambia babake Simeon mwenyewe, mimi na yeye, pembeni. Chai haijawahi kumwoza mtu."

Honi ikalia tena. Baba akainama juu ya meza, akaikata R kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika L, taratibu, na mguu wake mrefu. Kisha akaenda kwenye tisa kushuka, akaweka kalamu kwenye chumba cha kwanza, akasita. Akanipa kalamu.

"Andika wewe. Ushauri ni wako."

Niliandika. O. L ilikuwa tayari inaningoja. E, W, A. Nilipoinua kichwa Baba alikuwa amevaa koti, na mkebe wa asali ulikuwa mkononi mwake. Sikuona alivyouchukua.

"Wakori," akasema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina.

"Mzee."

"Mahari nimekupa. Ule upande wa juu, karibu na msitu." Akafika mlangoni, akageuka, kidole hewani. "Na mahari, uje na wazee."

Akatoka kwenda kufungua geti. Maneno mawili yalikuwa yametoka mdomoni mwake yakifanana kama mapacha waliovishwa sare moja. Wakoli alikaa chini kwenye kiti chake kibovu, akakishika kikombe, akagundua kimekuwa kitupu.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Ya kwanza ni L."

"Na ya pili ni R," nikasema, nikamjazia chai.